Samaki wa Kwanza ni wa Nkwashi

Nyumba ya Valère ilikuwa ya mwisho upande wa kusini wa Nchelenge, mahali ambapo mchanga unaishia na mafunjo yanaanza. Hakuna aliyepita hapo akienda kwingine. Aliyefika alikuwa amebeba wavu uliochanika. Aliuweka mlangoni, akaonyesha kwa kidole palipoharibika, akaenda zake.

Valère alikuwa fundi wa nyavu. Alivuka ziwa kutoka Kongo na mkewe Léonie katika miaka ya vita vya huko, wakakusudia kukaa mpaka mambo yatulie. Léonie alifariki na kuzikwa upande wa Zambia, na mumewe hakuona tena sababu ya kurudi. Kufikia mwaka 1974 Kibemba chake kilikuwa bado cha salamu na cha bei. Majirani walimheshimu, wakamwita Batata, yaani baba, wakamuuliza ameamkaje. Aliwajibu vizuri, kisha maneno yakamwishia. Wao nao Kiswahili chao kilikuwa cha kuuzia samaki, na habari za Léonie hazikuingia katika lugha hiyo.

Juu ya mti mkavu nyuma ya nyumba waliishi tai wawili wenye vichwa vyeupe, ambao Wabemba huwaita nkwashi. Asubuhi dume alirusha kichwa nyuma akalia, na kabla hajamaliza jike akadakia, hata ikasikika kama sauti moja ndefu. Ndege huyo yumo katika bendera ya Zambia na sheria ilikataza kumwua, lakini Valère aliwatunza kwa sababu nyingine. Katika kijiji alikozaliwa, samaki wa kwanza wa siku hutupiwa nkwashi, kwa kuwa ndiye anayewaonyesha wavuvi samaki walipo. Valère hakuwa tena na mtumbwi. Alilipwa kwa samaki, akaiendeleza desturi hiyo akiwa mchangani.

Alikuwa na namna yake. Samaki aliyetolewa matumbo huzama, basi Valère alisukuma kipande cha funjo kupitia mdomoni mwa samaki, kikafika mpaka tumboni, na samaki akaelea. Alimtupa majini, akapiga mluzi mara mbili. Tai walishuka wakiwa wamenyoosha miguu, karibu kiasi cha kusikia upepo wa mbawa zao.

Mtu pekee aliyelala nyumbani kwake alikuwa André, mchuuzi kutoka Kongo, aliyevuka na sabuni na vitenge akarudi na samaki wakavu. Upande wa pili majina ya Kikristo yalikuwa yamepigwa marufuku. Kule aliitwa Kabamba, na hapa alibaki André. Alisema kila akivuka anabatizwa upya. Alimtania mwenyeji wake kwamba anashona nyavu za watu wote huku shati lake mwenyewe limefungua kinywa. Valère alicheka, akasonga bukari, ugali wa kwao, akamsimulia habari alizokwisha kumsimulia. André alizisikiliza tena. Siku moja aliomba aonyeshwe lile jambo la tai, na Valère, aliyefurahi kuombwa, akamwonyesha kila kitu: funjo, mdomo, mluzi.

Safari iliyofuata André aliondoka mapema bila kuaga. Asubuhi hiyo jike alilia, akanyamaza, akalia tena. Hakuna aliyedakia. Valère aliingia katika mafunjo, akaona samaki akielea amezungukwa na vitanzi vya uzi wa nailoni, na manyoya meupe yamenata kwenye majani. Alimpasua samaki. Ndani mlikuwa na kipande cha funjo, na tumbo lenyewe halikuwa limechanwa zaidi ya tundu la kutolea matumbo. Mtu mwingine angelifungua, akajaza, akalifunga kwa uzi. Aliyejua kupitisha mdomoni alikuwa Valère, na André aliyeonyeshwa naye.

Habari za tai kuuawa zilimfikia Watson Mukuka, mlinzi wa wanyama, akaja kwa baiskeli. Aliuliza kwa upole ni nani. Aliongeza kwamba mtu akijua akanyamaza, yeye naye ana kesi. Valère alisema hakuona. Hilo lilikuwa kweli, na Mukuka akageuza baiskeli yake.

André aliporudi hakukana. Alikaa pale pale pa siku zote, akala, kisha akaeleza kama mtu anayeeleza bei ya chumvi.

“Iko mutu moja ku Lubumbashi, anajazaka hawa ndege majani, anawauzisha bazungu. Bwana peke yake haina maana. Anataka na bibi yake.”

“Huyu hapana,” Valère alisema.

“Papa Valère, ni ndege. Haiko mutoto yako.”

“Najua haiko mutoto.”

André alinawa mikono. Hakuwa na hasira. Alisema hahitaji msaada, mluzi anaujua, na safari ijayo atakuja na uzi mpya. Kisha akaongeza, karibu kwa huruma:

“Na ukinisema kwa ule mulinzi, nani atakuya kusema na weye hapa?”

Jibu walilijua wote wawili.

Mtumbwi wa André ulipokwisha kupotea machoni, Valère alitayarisha samaki kama kawaida, akamtupa, akapiga mluzi mara mbili. Jike alikuja. Alipokuwa anakaribia maji Valère alimrushia bonge la udongo kwa nguvu zake zote, likampata ubavuni. Ndege alipepesuka, akarudi mtini. Kesho yake alipigiwa mluzi tena, akaja tena, akapigwa tena. Majirani walisimama kutazama. Mable Chola, mkausha samaki wa nyumba ya tatu, aliwaambia wenzake kwamba upweke umemharibu Batata akili. Valère aliyaelewa maneno hayo, lakini hakuwa na Kibemba cha kuyajibu. Aliendelea hata siku ambazo mkono ulimuuma asiweze kushika sindano ya nyavu, mpaka mluzi uliposikika na tai akabaki juu, ameinamisha kichwa, akitazama.

André alirudi na uzi wake. Aliandaa samaki vizuri, bila kosa. Alipiga mluzi, akangoja, akapiga tena. Tai aliondoka mtini akielekea ndani ya ziwa, mbali nao.

“Umemufanya nini?”

“Nimemufundisha kuogopa.”

André alikunja uzi wake taratibu. Hakulala pale. Sabuni aliyokuwa amemletea aliirudisha mtumbwini pamoja na mizigo mingine, na tangu hapo alitia nanga Mununga, ambako wachuuzi ni wengi. Mukuka alipita mara nyingine kuuliza. Valère hakulitaja jina la André siku hiyo, wala baadaye.

Jike bado alilia asubuhi, akaacha nafasi, akalia tena. Valère aliposikia alifunga midomo yake kwa meno, kwa kuwa mluzi ulikuwa ukimjia wenyewe. Wavuvi waliendelea kumlipa. Samaki wa kwanza, aliyekuwa wa nkwashi, alimpika, akamla yeye mwenyewe, pamoja na kichwa.