Siri Niliyoiombea

Kanisani kwetu, mtaa wa Panda, wamama hukutana kila Alhamisi saa tisa mchana, na kila mmoja huleta kile tunachokiita sujet, yaani jambo la kuombewa. Sheria ni moja tu: jina halitajwi. Unasema "kuna ndugu mmoja", unaeleza shida yake, kisha kiongozi anainuka kuongoza maombi. Ni sheria nzuri. Mimi niliitumia kummaliza mtu, na sikuivunja hata kidogo.

Kiongozi wetu wakati huo alikuwa rafiki yangu na jirani yangu. Tulichota maji bomba moja uani. Alikuwa na sauti ya kuongoza nyimbo ambayo Mungu hakunipa mimi, na jambo hilo lilinikaa rohoni. Nasema wazi maana nimechoka kujipamba. Wivu wangu ulivaa vizuri: nilimbebea mtoto, nilimsifu mbele ya watu, nilikaa safu ya kwanza akiimba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

Siku moja tukiwa tunafua nguo, akaniambia jambo huku akilia. Mtoto wake mdogo alikuwa ameshikwa na degedege mara mbili, na mama mkwe wake akamshurutisha ampeleke kwa mganga wa kienyeji. Akampeleka. Mganga akamfunga mtoto kamba nyeusi kiunoni. Ilikaa siku tatu, kisha hofu ya Mungu ikamshika mama mtu, akaikata na kuichoma kwenye mbabula, jiko lake la makaa.

"Usiambie muntu, mama," aliniambia. "Ata bwana yangu hajui."

"Nitaambia nani?" nilimjibu. "Weye njo ndugu yangu."

Alhamisi iliyofuata niliinua mkono. Nilisema kuna ndugu mmoja aliyempeleka mtoto wake kwa mganga, kwamba mtoto alifungwa kamba kiunoni kwa ajili ya degedege, na kwamba tusimpe shetani nafasi. Mwezi ule kanisani kulikuwa na mtoto mmoja tu mwenye degedege, na sote tulikuwa tumekwisha kumwekea mikono. Nililijua hilo kabla sijafungua mdomo. Nilijiambia kwamba namwombea, na bado nilikuwa nikijiambia hivyo nilipokaa.

Yeye ndiye aliyepaswa kuongoza maombi. Aliinuka, mtoto mgongoni, akanyoosha mikono yote miwili juu, akamwombea "ndugu huyo" kwa sauti ile ile nzuri. Wamama wakaitikia amina, macho yao yakiwa kwenye mgongo wake. Hakunitazama.

Kabla sijafika nyumbani, habari ilikuwa imeshazunguka kwenye simu. Mchungaji alimweka chini ya nidhamu miezi sita: benchi la nyuma, bila meza ya Bwana, bila kuimba. Yule mama mkwe aliyemtuma ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Wamama wakanichagua mimi kuwa kiongozi. Nilisema sistahili, kwa sauti ndogo, kama inavyotakiwa kusemwa, kisha nikakubali.

Nidhamu iliisha, akarudi kukaa safu za katikati. Tulisalimiana vizuri kila siku kwenye bomba. Miaka ikapita hivyo, hata bwana yake, aliyekuwa akichimba madini kule Kamatanda, akafa. Kwenye kilio ndipo tuliposikia kwamba alikuwa amekohoa damu miezi minane. Miezi minane, na ndoo zetu zimekaa pamoja chini ya maji yale yale. Nikamwuliza mjane, tena kwa ukali kidogo, kama kiongozi, kwa nini hakutuletea jambo hilo tukaliombea. Alinitazama tu. Hakuwa na hasira usoni, na nilitamani angekuwa nayo.

Nilikwenda kwa mchungaji, nikatubu yote, wivu na mengine. Akaniwekea mkono kichwani, akasema Mungu amekwisha kusahau. Nilirudi nyumbani mwepesi, na wepesi ule ulidumu siku mbili.

Ikaja Pasaka, na mahubiri ya kila mwaka ya Yuda na Petro. Mimi nilikuwa nimezoea kujiweka upande wa Petro, kwa sababu yeye alilia alipomkana Bwana, nami nalia haraka. Safari hii nilisoma mwenyewe, polepole, kidole kikiwa kwenye mstari. Kumbe Yuda naye alijuta. Alisema kwa mdomo wake kwamba amekosa, kwamba amemtoa mtu asiye na hatia. Ila alikwenda kuyasema kwa makuhani, nao wakamwambia hayo ni yako mwenyewe. Aliyemkosea alikuwa bado hai, katika mji ule ule, na Yuda hakwenda kwake. Petro alikuwa na bahati: Bwana mwenyewe alimfuata mpaka ziwani, akawasha moto, akapika samaki, ndipo akamwuliza kama anampenda. Mimi nilikuwa nimekaa miaka saba nikingoja samaki wangu.

Jumamosi nikavuka ua. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya mlango, amekaa kwenye kiti kifupi. Nilipiga magoti pale pale kwenye majani yaliyomwagika.

"Mama, ile sujet nilileta, nilijua bote watajua kama ni weye. Nilikuwa na wivu. Unisamehe."

Aliendelea kutwanga kidogo, kisha akauegemeza mchi ukutani.

"Nilishakusamehe zamani," alisema. "Ni pale pale kwa kanisa, wakati nilikuwa naomba. Mikono yangu ilikuwa juu, ningefanya nini?"

Nikaanza kulia. Aliniacha nilie mpaka nikanyamaza.

"Bwana yangu alianza kukohoa," akasema, "nikatafuta muntu wa kuambia, nikakosa. Naona muntu, mudomo inafungika. Kusamehe, nilikusamehe, mama. Lakini kuongelea muntu mambo yangu, ile njo ilikwisha."

Wakati wote huo nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, au kwa kukumbatiwa, na nilikuwa na maneno ya kujibu yote mawili. Akaingia ndani akaniletea sahani ya sombe iliyokwisha kuiva, nipeleke kwa watoto wangu, maana amepika nyingi. Alipokuwa akirudi nikaona anachechemea. Alipokaa, mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka kwenye goti, ngozi ikingʼaa.

"Mama, muguu yako iko na nini?"

"Haina kitu," akasema, akavuta kikwembe alichojifunga, akaufunika.