Mfalme Aliyefika kwa Mama Yake

Bibi wa Ruaruke hulowesha kidole, hunong'ona bismillahi, kisha kila kitabu hukianzia jalada la nyuma, kama afunguavyo msahafu. Leo, kwenye meza ya Nasra, muuza vitabu vya watoto pale Kibiti, alimtafutia mjukuu wake kitabu cha wafalme, na kila picha ilimtatiza.

"Mwanangu, mbona huyu anaanza na taji, watu wanampigia magoti, halafu anazidi kupungua mpaka anaishia mgongoni kwa mama yake?"

Nasra akataka kumgeuzia kitabu, mkono ukasita. Bibi keshakifunga, anakipangusa kwa upindo wa kanga.

"Nipe hiki. Wafalme wale wengine sijui wanakwenda wapi. Huyu kafika."

Alipoondoka, Nasra alichukua kingine, akakigeuza, akakigeuza tena, asijue aanzie wapi.