Mpira wa Soksi

Jumamosi za binti yangu nilizipanga mwenyewe. Asubuhi tuisheni, kisha kuogelea kwenye bwawa la hoteli, maana sisi wa kando ya ziwa ndio tunaoliogopa zaidi, halafu kinanda kanisani. Dada yangu wa Ahero alinionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nikamjibu kwamba mimi nimeshika tatu na zote ziko mkononi. Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Jumamosi moja mwalimu akatuma kazi kwenye simu za wazazi: mtoto atengeneze mpira kwa vitu vya nyumbani, acheze mchezo wa kati na wenzake, mzazi arekodi. Kila mzazi wa Kisumu anajua kazi kama hizo hufanywa na nani. Binti alikuwa bwawani. Nilirudi kutoka Dunga ninakouza samaki, nikanawa, nikajaza matambara ndani ya soksi kuukuu ya baba yake na kuifunga kwa uzi wa wavu. Mpira ukatoka mzuri, nami nikauonea fahari.

Alipofika jioni, niliwaita watoto wa ploti, majirani wa ua wetu. Walimtazama kama mgeni. Katika kati, wawili hurusha mpira na wa katikati hukwepa. Binti akaingia katikati, nami nikaanza kurekodi. Mpira ulimgonga, akaomba msamaha. Ukamgonga tena, akaomba tena. Nikasema ngoja nimwonyeshe. Nikampa simu, nikakaza leso kiunoni, nikaingia katikati.

Tulicheza mpaka giza likaingia. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Yeye alirekodi kwa utulivu, mkono haukutikisika hata kidogo.

Nilituma kile kipande kifupi nilichomrekodi mwanzoni, kabla hajaomba msamaha. Mwalimu akajibu kwamba mtoto amezidi matarajio. Nilisoma maneno hayo nikiparua samaki, na sikuhisi kitu, si furaha wala aibu. Nikaendelea kuparua.

Kesho yake, baada ya kanisa, watoto wa ploti walibisha. Binti yangu aliacha homuwaki mezani akafungua mlango.

"Tumekuja kuita Mama tucheze kati," wakasema.

Alinigeukia, hana kinyongo usoni. "Mama, unaitwa." Akarudi mezani.

Niliwaambia wamchukue yeye, mimi nina kazi. Walitazamana.

"Lakini huyo hachezangi," mmoja wao akasema.

Binti yangu hakuinua macho kutoka kwenye daftari. "Ni kweli," akasema.