Computer ya kikundi ilikuwa na password ya wamama wawili, nikasahau nusu yangu

Wakuu, salamu zenu. Mwaka wenyewe mtaujua kwa chakula: Krismasi tulikula mbuzi na chapati hadi watoto wakalala na mafuta mdomoni. Kabla Januari iishe, tulikuwa tunapanga laini ya githeri ya msaada hapa Nakuru.

Mimi ni cucu, shule niliachia darasa la tatu. Nikiongeza chumvi hapa, Mungu ananiona.

Kule Elburgon tulikuwa kikundi cha wamama wa kufuma sweta. Kanisa ikatupatia computer ya zamani. Kila mama akaleta picha zake za nyumbani, zikapigwa scan ziwekwe huko.

Sasa, sanduku letu la pesa lilikuwa na kufuli mbili na wamama wawili wenye funguo, mmoja asifungue bila mwingine. Computer nayo tukaifunga hivyo hivyo. Nusu ya password yangu, nusu ya Mama Chebet.

Nikiandika yangu, yeye anaangalia ukuta. Akiandika yake, mimi naangalia ukuta. Na nusu haisemwi kwa mdomo.

Msicheke. Ilifanya kazi miaka miwili.

Halafu ikaja kura. Nyumba yangu ikachomwa, na picha zote ndani. Mimi Mkikuyu nikakimbia, Mama Chebet Mkalenjin akabaki. Chairlady wetu alitoroka na computer kwa lori, ameifunga blanketi kama mtoto, akaiweka kwa chumba cha kanisa hapa Nakuru.

Mjukuu wangu Njeri alikuwa na miaka nane. Namba moja darasani, hata akisomea kwa hema! Wacha nijivunie kidogo. Mama yake, binti yangu Wambui, alifariki Njeri akiwa na miaka minne.

Siku moja akaniuliza, "Cucu, mama alikuwa na pengo?"

Nikamwambia ndiyo, hapa mbele.

"Ni vile uso wake sikumbuki."

Nikatoka nje nikajifanya naanika nguo.

Picha ya Wambui iliyobaki dunia nzima ilikuwa kwa hiyo computer.

Fundi wa mjini akaniambia, "Mathe, bila password napiga Windows upya, na vitu zote zinaenda." Nikamwambia aondoe mikono. (Vijana wa computer, najua mtasema kuna njia ingine. Mimi ningejulia wapi?)

Nikapigia Mama Chebet. Hatukuwa tumeongea tangu Januari. Niliogopa hata kutaja jina langu.

"Mama Wambui? Uko hai?" Akalia. Kisha akasema, "Nusu haisemwi kwa simu. Nakuja."

Na akakuja Nakuru, kitambaa kimeshuka hadi kwa macho asijulikane, na chupa ya maziwa kwa kiondo. Akaangalia ukuta vile tulizoea.

Nikaweka vidole. Hakuna kitu. Ule moto ulikuwa umechoma hata kichwa. Nikajaribu mara tatu, Njeri amesimama nyuma yangu.

"Mama Chebet, nimesahau."

Akageuka. "Songa."

Akaandika yangu. Akaandika yake. Ikafunguka.

"Wewe umejuaje?"

"Si unaandika ukitaja herufi kwa sauti kama mtoto wa nursery! Niliijua siku ya kwanza. Hiyo ukuta nimeiangalia bure."

Miaka miwili, wakuu. Angefungua peke yake siku yoyote. Hakufungua.

Njeri akaweka kidole kwa screen. "Nilikuwa nafikiri pengo iko upande ule mwingine." Hakutoka hapo hadi chai ikapoa.

Funzo: password andika mahali. Na ukipata mtu anajua siri yako na haigusi, mshike.

Baadaye chairlady akaniambia nimwombe Mama Chebet nusu yake nikae na password yote, eti yeye ni wa upande ule. Nikamjibu: Nusu ya Mama Chebet ni ya Mama Chebet. Siichukui.

Wiki iliyofuata chairlady akarudi na wamama wengine watatu kunisukuma.

Nyinyi mngefanyaje? Andikeni hapa chini, hata wa kunitukana nitasoma. Lakini wale wamama niliwapikia chai, wakakunywa wakamaliza, nikawaambia:

Nusu ya Mama Chebet ni ya Mama Chebet. Siichukui.