Kioo Kipya cha Mama Kinanda

Watu wa kwaya yetu walimwita Mama Kinanda. Mimi nilimwita wifi, maana ni dada wa mume wangu. Sisi mawifi hatukuanza kwa kupendana. Siku naolewa alinitazama kuanzia unyayo hadi utosi, akasema kaka yake amejiletea mke wa kupeperushwa na feni. Lakini akikaa kwenye kinanda nilimvulia kofia, na ndiyo maana nina hasira mpaka leo, wala sijaribu kuificha.

Kinanda chenyewe kilikuwa cha umeme, kirefu, kimekaa kwenye kona ya ukumbi wa mazoezi, na siku za ibada kinabebwa kanisani. Tangu nijiunge na kwaya kioo chake kilikuwa kimekufa. Kile kidirisha kinachokuonyesha umechagua sauti gani, ogani au filimbi au fidla, kilikuwa cheusi kama tako la sufuria. Kwa mtu mwingine hapo ni kubahatisha tu. Wifi alikuwa amepanga sauti zake mle ndani zamani, kioo kikiwa kizima, na kilipozimika alibaki na vidole. Anawasha, anabonyeza kitufe cha kulia mara saba, ogani. Anarudi nyuma mara mbili, fidla. Yote hayo huku anamtazama mwalimu wa kwaya, kichwa hakiinami. Mpwa wa mwenyekiti, binti aliyesoma muziki kidogo, alijaribu siku moja akatoa mlio wa king'ora, akasusa.

Msidhani wifi alifurahia. Kila mkutano alisimama na ombi lile lile, kioo kibadilishwe, maana yeye si wa milele na kinanda kisigeuke siri ya mtu mmoja. Mwenyekiti alimjibu kila mara kwamba limesikika. Wakashona sare mpya, wakatandika zulia jukwaani, kioo kikaendelea kusikika. Miaka ikaenda, na macho ya wifi yakaenda nayo. Akishona kifungo ilibidi mimi nimtungie uzi kwenye sindano. Ujumbe wa simu aliusoma kwa kunyoosha mkono mpaka mkono ukaisha. Nikimtajia miwani, ananiambia nataka afanane na mama yangu.

Halafu yule mpwa akasema sasa angependa kupiga kinanda kanisani. Kioo kikapatikana wiki hiyo hiyo. Fundi alikuja mchana, wifi akiwa kazini, akakilaza kinanda kifudifudi juu ya meza mbili na kukifungua. Jioni tulipofika kwa mazoezi kilikuwa kimesharudi mahali pake, kioo kinawaka buluu. Wifi alikipitishia kiganja taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Sijawahi kumwona akitabasamu vile. Alitaka kukijaribu, lakini kabla hajakaa zikaja habari kwamba mzee wetu wa besi amefariki, na mazoezi yakavunjika.

Mzee huyo na wifi walikuwa watani wa miaka mingi. Mzee alikuwa amemwachia wifi neno: siku yangu unipigie ule wimbo wa polepole, kwa ogani, na usinikimbize.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa. Jeneza likaingia, mwalimu akainua mkono. Wifi akawasha kinanda, macho yake kwenye jeneza, kidole kikabonyeza mara saba kama siku zote. Kioo kilikuwa kinawaka mbele yake. Hakukitazama, maana kwa miaka yote hakikuwa kitu cha kutazamwa. Akashusha mikono, na kikatoka kishindo cha ngoma na tarumbeta za dansi, pale pale mbele ya mjane.

Kuna watu walicheka. Nawajua mmoja mmoja. Wifi alibonyeza tena, ikaja gitaa. Ndipo akainama kwenye kioo, akasogea, akarudi nyuma, akakunja uso. Maandishi yalikuwepo, hakuyaona. Nilikuwa mstari wa pili, na mimi nilisimama nimeshika karatasi ya maneno ya wimbo kama mjinga. Mpwa wa mwenyekiti akatoka mstarini, akasoma, akabonyeza, ogani ikatoka. Wifi akampigia mzee wimbo wake mpaka mwisho bila kukosea, wala hakumkimbiza. Hilo hakuna aliyelikumbuka.

Kesho yake nilimsindikiza kwa fundi. Akatueleza kwamba ili kuingiza kioo alilazimika kuchomoa betri ndogo inayotunza kumbukumbu, na ikichomolewa kinanda kinasahau yote na kurudi kilivyotoka kiwandani.

"Lakini nilimwambia mwenyekiti, mama. Nilimwambia akuulize kwanza kama kuna kitu umehifadhi. Akasema hakuna kitu humo, nifungue tu."

Wifi alimshukuru. Njiani mimi nilitukana kwa niaba yetu wote wawili.

Kwenye mkutano mwenyekiti alimsifu mpaka ikatia kichefuchefu. Alisema Mama Kinanda ametutumikia gizani, sasa mwanga umekuja, apumzike. Wifi alisema anakwenda kupima macho, wamsubiri tu apate miwani, na sauti zake atazipanga upya. Akasema kiti kile cha kinanda ndicho alichonacho. Alisema hivyo hivyo, mbele ya watu, mwanamke aliyekuwa haombi hata chumvi kwa jirani. Mwenyekiti akasema limesikika.

Miwani ilikuja na kiti kilikuwa kimeshakaliwa.

Haukupita muda, mpwa akakwama. Ogani aliipata, fidla aliipata, lakini muziki wa nyimbo zetu haukuwahi kuandikwa popote, ni maneno tu. Vianzio vyake, mahali pa kuvuta pumzi, yote yalikuwa mikononi mwa wifi. Mwenyekiti akanituma, eti nimbembeleze kwa vile ni ndugu yangu, aje amfundishe binti. Nilimkuta wifi mlangoni kwake anashona, miwani usoni, uzi ametunga mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Mwambie asome kwenye kioo," akasema.

Nilimfikishia mwenyekiti neno hilo kama lilivyo, bila kuongeza chumvi. Kisha nikavua sare ya kwaya, nikaiacha juu ya kinanda, nikaenda zangu nyumbani.