Magugu Yenye Mwenyewe

Saa moja kasorobo asubuhi, umande bado haujaiachia ardhi ya Bugarama. Agripina Ntwari amepiga magoti kwenye mistari ya maharage, rula mkononi, kalamu sikioni. Anapima mche, anaandika. Anapima mwingine, anaandika.

Nyuma yake kuna kitalu kilichomezwa na magugu. Wapita njia hawakosi la kusema.

"Mama Wiston, hapo unavuna maharage au nyoka?" anauliza jirani yake, Frednand, akisukuma baiskeli.

"Nyoka. Nitakupimia kilo mbili," anajibu bila kuinua kichwa.

Agripina, mkulima wa miaka 47 wilayani Ngara, aliishia darasa la saba. Hata hivyo, watafiti watatu wa shahada ya uzamivu wamepita mikononi mwake. Wa kwanza, mhandisi, alipima naye jinsi mvua inavyokokota udongo. Wa pili alihesabu naye nyuki, "mpaka usiku unaota unaumwa."

Sasa ni Zulfa Anuar, binti wa wafanyabiashara wa Biharamulo mjini, anayetafuta kujua magugu yanayanyang'anya maharage chakula kiasi gani. Ujira ni shilingi elfu kumi kwa siku.

Vitalu ni kumi na sita. Vinne havipaliliwi kabisa hadi mavuno, ili vilinganishwe na vingine. Vilichaguliwa kwa kura, na kura ikaangukia kimoja kilicho kando ya njia ya kanisani.

Msimu uliopita Agripina alikwenda msibani Nyamigogo. Aliporudi Jumapili, kitalu cha njiani kilikuwa cheupe kama uwanja uliofagiwa. Aliyekipalilia ni mama mkwe wake, Josefina, mwenye miaka 76.

"Kigango kizima kingepita hapa," anasimulia Josefina. "Waseme mkwe wangu mvivu, na mimi nina mikono? Nilimsitiri."

Alipoelezwa alichoharibu, alishika kichwa. "Basi niyarudishe?"

"Nilicheka huku machozi yananitoka," anasema Agripina.

Zulfa alikuwa chuoni, mbali. Agripina angeweza kubuni namba zinazofanana na za vitalu vitatu vilivyobaki, na asingejua mtu. Alipiga simu.

"Nikamwambia, mwanangu, kitalu cha nne kimekufa. Akasema, 'Mama, andika hivyo hivyo.'"

Ikabidi jaribio lote lirudiwe, na Zulfa akachelewa kumaliza masomo. Hana kinyongo.

"Aliyeniambia palipoharibika, namwamini na kwingine kote," anasema Zulfa kwa simu.

Msimu huu Josefina ameweka kigoda kando ya kitalu cha njiani, fimbo mapajani. Mbuzi akinyemelea, bibi huyo anasimama.

"Toka! Magugu haya yana mwenyewe!"

Mavuno ni wiki ijayo, na vitalu vyote kumi na sita ni vizima. Vipimo vikishakwenda kwa Zulfa, Agripina ana jaribio lake mwenyewe: vitalu vitatu, kimoja cha palizi moja, kimoja cha palizi mbili na kimoja kisichoguswa.

"Tunapalilia mara mbili kwa sababu bibi zetu walipalilia mara mbili," anasema. "Nataka kujua kama palizi ya pili inaongeza maharage, au ni aibu tu inayotuinamisha."

Josefina anamsikiliza hadi mwisho, kisha anatoa ruhusa.

"Fanya, mwanangu. Ila hicho cha magugu kikae nyuma ya nyumba."