Mluzi wa Lori la Kahawa

Juzi, kwenye gereji moja ya Omurushaka, kijana mwenye gari dogo la mbio alimuuliza fundi afunge tabo au supachaja kuiongezea injini nguvu. Alitaka gari liitike mara tu anapokanyaga mafuta.

"Supachaja inazungushwa na mkanda wa injini, inaitika hapo hapo," fundi akasema. "Tabo inazungushwa na moshi unaotoka. Inachelewa kidogo, halafu inakuja na nguvu na mluzi."

Nilicheka peke yangu. Utotoni, malori ya kahawa yalipopanda mlima wa Kihanga yakinuka dizeli na kupiga mluzi, niliamini mluzi ule ndio ulioyapa nguvu. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki, na kuteka maji ilikuwa kazi yangu na mdogo wangu Asimwe. Alasiri moja tulishindana na Kato wa jirani kupandisha vigari vya mbao mlimani. Atakayeshindwa angeteka maji ya nyumba zote mbili.

Mimi nilishika usukani, Asimwe akasukuma.

"Piga mluzi!" nikamwamuru.

Mashavu yakamvimba, mate yakaruka, mluzi haukutoka.

"Kaka, nipige mluzi au nisukume?"

"Mluzi kwanza!"

Kato akatupita akicheka. Tulibeba ndoo hadi jua linazama.

Nilipotoka gereji nilimpigia Asimwe simu, nikamsimulia maneno ya fundi na kumuuliza yeye angechagua ipi.

"Supachaja, kaka," akajibu bila kusita. "Tabo nilishawahi kuwa mimi."